Kiwanda kimefungwa, udongo una risasi: kamati ya wakazi idai nini, na nani alipe?

Swali: Jirani na makazi yetu palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Sasa kimefungwa. Vipimo vya awali vimeonyesha madini ya risasi kwenye udongo, ndani ya kiwanja na hata nje ya ukuta. Mwenye kiwanda anasema amefilisika. Mamlaka ya mazingira inasema itatafuta mkandarasi wa kusafisha, na imetualika tuunde kamati ya wakazi "ya kuangalia kazi". Baadhi ya wenzangu wanaona tutageuzwa muhuri wa mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Je, tuingie? Tukiingia tudai nini? Na fedha zitatoka wapi? *(Katibu wa kamati ya wakazi)*

Jibu:

Ndugu Katibu,

Ingieni, ila msitie saini kabla hamjasoma hadidu za rejea, yaani hati inayotaja kazi na mamlaka ya kamati, neno kwa neno na kuzirekebisha. Wasiwasi wa wenzako una msingi. Kamati nyingi za namna hii hulipwa posho ya kikao, huvishwa kofia ngumu na makoti ya kung'aa, hutembezwa, hupigwa picha, na picha hiyo huishia kwenye ripoti chini ya kichwa "ushirikishwaji wa jamii".

Kamati hupata meno kwa mambo mawili. La kwanza, iwe na mtaalamu wake yenyewe, anayelipwa kwa fedha asizozigusa mkandarasi. La pili, mkataba useme kwamba hati ya malipo ya mkandarasi haitoki mpaka iambatishwe matokeo ya vipimo ambavyo kamati ilishuhudia vikichukuliwa. Mkikosa hilo la pili, mkandarasi atalipwa leo na malalamiko yenu yatajadiliwa mwaka kesho.

Nianze na fedha, maana chanzo chake ndicho kinachoamua nani atasikilizwa.

Mchafuzi aliyefilisika bado anadaiwa

Kampuni inapotangazwa kufilisika, mali zake huwekwa chini ya mfilisi, naye hutangaza tarehe ya mwisho ya wadai kupeleka madai yao. Gharama ya kusafisha ardhi ni dai kama dai la benki, lakini lazima awepo mtu wa kulipeleka. Fedha nyingi hupotelea hapa kimyakimya: mamlaka inasubiri makadirio kamili, makadirio yanachelewa, tarehe inapita. Kwa kawaida dai linaweza kupelekwa kwa makadirio ya awali kisha likarekebishwa. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa mamlaka, kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ni hili: mmepeleka dai kwa mfilisi? La kiasi gani? Lini?

Msikubali pia kuambiwa kuwa "hakuna mali". Kiwanda cha kuyeyusha betri huacha vipande vya risasi iliyokwisha kuyeyushwa, mitambo, vyuma chakavu, na ardhi yenyewe ambayo ikisafishwa itapanda thamani. Kuna bima za zamani pia. Kampuni inaweza kuwa ilikatia bima ya dhima miaka mingi iliyopita, na bima hizo wakati mwingine hubeba uharibifu uliotokea wakati huo hata kama umegunduliwa leo. Halafu kuna walio nyuma ya kampuni: kampuni mama, mmiliki wa awali, mwenye ardhi aliyeipangisha huku akijua kinachofanyika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inayoitwa Superfund inairuhusu serikali imshike yeyote kati ya hao aliyemiliki au kuendesha eneo kwa gharama yote, hata kama alichangia sehemu tu, na hata kama uchafuzi ulifanyika kabla ya sheria kutungwa. Mwulizeni mwanasheria kama sheria yenu inafika huko. Kama haifiki, angalieni kama kuna kifungu cha wakurugenzi kuwajibika wao binafsi.

Jambo moja huwashtua watu wakichelewa: mfilisi anaweza kuomba mahakama imruhusu aitelekeze ardhi chafu kwa sababu ni mzigo kwa wadai wengine. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020 kwa kiwanda cha betri cha Exide kule Vernon, California. Mahakama ya ufilisi iliruhusu eneo liachwe, na mzigo ukabaki kwa umma, wakati jimbo lilikuwa limekwisha kutenga dola milioni 176.6 mwaka 2016 kwa ajili ya kupima na kusafisha nyumba za jirani. Pingamizi hupelekwa kabla ya uamuzi. Baada ya hapo ni rufaa, na rufaa ni miaka.

Chunguzeni pia kibali cha kiwanda. Vibali vingi vya viwanda vya aina hii humtaka mwenye kiwanda aweke dhamana ya kufunga: amana benki, hati ya udhamini au bima. Ombeni faili lote la kibali na mtafute mambo matatu: kiasi, tarehe ya kuisha, na kazi inayolipiwa. Mara nyingi dhamana ilikadiriwa kubomoa majengo na kuondoa mitambo tu, udongo haukuhesabiwa. Au ada ya mwaka haikulipwa na dhamana ikafa bila yeyote kutoa taarifa.

Mchafuzi akishindwa kulipa, kinachobaki ni mfuko wa serikali, mkopo au mahakama, na kila kimoja kina udhaifu wake.

Mfuko wa serikali hutegemea chemchemi yake. Ule wa Superfund ulijazwa na kodi ya mafuta ghafi na kemikali. Kodi ilipokoma mwishoni mwa 1995, mfuko uliendelea kutumika bila kujazwa, na kufikia 2003 akiba ilikuwa imekauka. Maeneo machafu yakasubiri foleni ya bajeti ya kila mwaka hadi kodi ya kemikali iliporudishwa kwa sheria ya mwaka 2021. Mkiambiwa "mfuko upo", ulizeni unajazwa na nini na nyinyi ni wa ngapi kwenye foleni. Uzuri wa mfuko ni kwamba serikali inaweza kusafisha kwanza na kudai baadaye. Love Canal, mtaa wa Niagara Falls uliojengwa juu ya taka za kemikali, ulitangazwa dharura mwaka 1978. Kampuni iliyorithi dhima ya mchafuzi ilikubali kuilipa serikali dola milioni 129 mwaka 1995. Wakazi wangesubiri fedha hizo, watoto wao wangekuwa watu wazima.

Mkopo huja na masharti ya mkopeshaji, na masharti hayo ni silaha yenu. Kama fedha ni za Benki ya Dunia, lazima pawepo mpango wa kuwashirikisha wadau na njia ya kupokea malalamiko. Isipofanya kazi, watu wawili tu wanaoathirika wanaweza kupeleka lalamiko kwenye Jopo lake la Ukaguzi. Hakuna haja ya kuwa shirika.

Mahakama nayo inafaa kwa namna amri inavyoandikwa. Kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, iliyohusu kiwanda cha kuyeyusha betri kama chenu, inastahili kusomwa na kila kamati. Hukumu ya Julai 2020 iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa wakazi, na kuhusu udongo ikaweka muda: wadaiwa wasafishe ndani ya miezi 4, la sivyo shilingi milioni 700 zilipwe ili upande wa walalamikaji uratibu usafishaji. Amri ya "fanya, au toa kiasi hiki" ni bora mara kumi kuliko amri ya "fanya" peke yake, kwa sababu inajua la kutokea mtu akikaa kimya. Lakini angalieni pia kalenda: fidia hiyo ilitenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ilikuja kuirudisha Desemba 2024. Msipange bajeti ya kusafisha juu ya fedha za hukumu.

Akijitokeza mwekezaji anayetaka kusafisha ili ajenge, msimfukuze. Ila fahamuni kwamba atasafisha hadi kiwango cha matumizi yake. Kiwango cha ghala ni legevu kuliko cha nyumba, naye hana sababu ya kugusa udongo ulio nje ya ukuta. Mlazimisheni aandike kwanza kwenye mkataba kwamba atausafisha na huo wa nje.

Hesabu mnayopaswa kuifanya kabla ya zabuni

Chukueni kiwanja cha hekta 2 kinachohitaji kuchimbwa sentimita 30. Ni mita za ujazo 6,000. Udongo uliolala una uzito wa takriban tani 1.5 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ni tani 9,000. Ukichimbwa huvimba, karibu robo, ukawa mita 7,500 za udongo uliolegea. Tipa la tani 15 litafanya safari 600. Kwa safari 20 kwa siku, ni siku 30 za kazi.

Sasa linganisheni na zabuni. Mkandarasi aliyeandika safari 200 ama hatachimba kina hicho, ama ana mpango wa kupeleka udongo mahali asipopaswa kwa bei nafuu. Na angalieni jinsi kosa dogo linavyogeuka mlima: uchafu ukishuka sentimita 10 zaidi ya ilivyodhaniwa, ni mita za ujazo 2,000 za ziada, tani 3,000, safari 200. Hili hutokea karibu kila eneo, kwa sababu uchunguzi wa awali huchimba mashimo machache. Kwa hiyo mchanganuo wa kazi na bei, ule wahandisi wanauita BOQ, uwe na bei ya kila mita ya ziada iliyokubaliwa tangu mwanzo, na bajeti iwe na akiba ya dharura. Mimi nisingeanza na akiba chini ya asilimia 20. Bila hivyo fedha zitaisha shimo likiwa wazi, na mtaambiwa kuwa kilichobaki "si hatari sana".

Hesabuni pia udongo safi wa kufukia. Ni mita za ujazo zilezile, na lazima upimwe kabla haujashushwa. Si mara moja watu wameletewa udongo wa kujazia wenye uchafu wake mwingine.

Hadidu za rejea

Kamati ya watu 9 hadi 12 inatosha. Wawemo wanaoishi karibu zaidi na ukuta, wapangaji na si wenye nyumba pekee, wazazi wa watoto wadogo, na angalau mfanyakazi mmoja wa zamani wa kiwanda. Huyo wa mwisho ndiye anayejua tindikali ilimwagwa wapi na majivu yalifukiwa kona gani, mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Asiwemo anayemuuzia mkandarasi maji, chakula, kokoto au vibarua, wala mwenye ndugu anayefanya hivyo. Mtaona ni jambo gumu kulisema kwa jirani. Lisemeni mapema, kabla mkandarasi hajapatikana, wakati bado halimlengi mtu.

Mtaalamu wenu mchagueni wenyewe, na mshahara wake utoke kwenye bajeti ya mradi uende moja kwa moja kwenye akaunti ya amana ya kamati. Usipitie kwa mkandarasi wala kwa mhandisi mshauri, kwa sababu atakayechelewesha malipo ndiye atakayekuwa bosi. Utaratibu huo si ndoto. Chini ya Superfund, kikundi cha wakazi kinaweza kuomba ruzuku ya kuanzia hadi dola 50,000 ya kuajiri mshauri wake wa kiufundi, na mchango wa asilimia 20 unaodaiwa kwao unaweza kulipwa kwa saa za kujitolea. Kule Kanada, kwenye mgodi wa dhahabu wa Giant karibu na Yellowknife, ambako kampuni ilianguka mwaka 1999 na kuacha tani 237,000 za vumbi la aseniki, ambayo ni sumu, chini ya ardhi, makubaliano ya mwaka 2015 yaliunda bodi huru ya usimamizi yenye wakurugenzi 6, ofisi yake, na hata bajeti ya utafiti wa kutafuta suluhisho la kudumu la aseniki hiyo. Serikali inayoendesha mradi haiwezi kuyatupa mapendekezo ya bodi kapuni. Ni lazima iyajibu.

Neno hilo, "ijibu", lidaini. Andikeni: kila pendekezo la kamati lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21, na likikataliwa sababu itajwe. Andikeni pia kwamba rasimu za mpango wa kusafisha zitaletwa kwenu siku 30 kabla ya uamuzi, katika lugha mnayoisoma, pamoja na takwimu ghafi za maabara. Jedwali la wastani peke yake halitoshi. Kwa nini, nitaeleza sasa hivi.

Vipimo: hapa ndipo kamati hulala

Yatazame maeneo matano ya ua mmoja. Manne yana miligramu 100 za risasi kwa kilo ya udongo. La tano, pale kwenye kona walikokuwa wakivunja betri, lina 1,400. Mpimaji akichota kijiko kila eneo, akachanganya kwenye ndoo moja na kupeleka maabara, jibu litakuwa 360. Kama kiwango cha kuchukua hatua ni 400, ua huo umepita, na mtoto anayechezea ile kona anaendelea kula udongo wa 1,400. Hakuna aliyedanganya. Sampuli mchanganyiko inafaa kwa kutafuta wastani wa eneo lililochafuka kwa vumbi la moshi, lakini karibu na ukuta, mitaro, njia za malori na mahali betri zilipovunjwa, kila nukta ipimwe peke yake.

Kiwango chenyewe kinajadilika. Marekani ilitumia 400 kwa ardhi ya makazi tangu 1994, kisha mwaka 2024 ikashusha kiwango cha kuanzia uchunguzi hadi 200. Mkipewa kiwango, ulizeni ni cha mwaka gani na cha matumizi gani ya ardhi.

Kile kipimo cha mkononi cha eksirei kinachofanana na bastola ni kizuri kwa sababu kinatoa jibu papo hapo, lakini kina tabia zake. Udongo wenye unyevu zaidi ya asilimia 20 hufanya kisome chini ya ukweli, kwa hiyo kupima asubuhi baada ya mvua ni kumpa mkandarasi zawadi. Sampuli ikaushwe na ichekechwe. Risasi inayodhuru watoto ni ya chembe laini zinazoganda mikononi, ndiyo maana chekecheo linalopendekezwa ni la mikroni 150, na humo kiwango mara nyingi hutoka juu kuliko kwenye udongo mzima. Aseniki na risasi nazo huonyesha alama karibu mahali pamoja kwenye kipimo hicho. Risasi ikiwa nyingi, msiiamini namba ya aseniki mpaka maabara iithibitishe. Angalau sampuli 1 kati ya 20 zilizopimwa kwa mkono iende maabara, na zichaguliwe zile zilizo karibu na kiwango, maana ndizo zenye ubishi.

Mtaalamu wenu afanye mambo mawili ambayo mkandarasi hawezi kuyapangia. Agawe baadhi ya sampuli nusu kwa nusu na kupeleka nusu yenu maabara nyingine. Na aingize pacha wa siri: udongo uleule, mifuko miwili, namba mbili tofauti. Majibu hayatalingana kabisa, kwa sababu udongo haufanani hata ndani ya kiganja kimoja. Yakija 420 na 300, tofauti ni 120 kwa wastani wa 360, yaani theluthi moja, na kwa sampuli za udongo hilo ni la kawaida. Yakija 420 na 150, simamisheni mazungumzo mpaka maabara ijieleze. Kila mfuko uwe na fomu inayoonyesha nani aliuchukua, saa ngapi, ulikaa kwa nani, ulipokelewa na nani. Mfuko uliolala usiku ndani ya gari la mkandarasi bila lakiri ni mfuko uliokufa kisheria.

Shimo halifukiwi kabla ya majibu

Siku ya kuchimba, mgogoro mkubwa utakuwa huu: shimo liko wazi, mitambo imekodiwa kwa siku, majibu ya maabara hayajarudi, na mkandarasi anataka kufukia. Ana hoja, mtambo uliosimama unakula fedha. Dawa yake iko kwenye mpango wa kazi: eneo likatwe vipande, kila kipande kipewe namba, na wakati cha kwanza kinasubiri majibu mtambo uwe kwenye cha tatu. Sampuli za uthibitisho zichukuliwe sakafuni mwa shimo na kwenye kuta zake. Kuta husahaulika sana, na ndizo zinazoonyesha kama uchafu umeendelea chini ya uzio wa jirani.

Kama uchafu utaachwa chini kwa makubaliano, kitandazwe kitambaa cha rangi ya machungwa kabla ya udongo safi. Miaka kumi baadaye fundi bomba akichimba na kukuta rangi hiyo, atajua kasimama wapi. Pigeni picha ya kila kipande kikiwa na kitambaa na kibao cha namba yake.

Hapo ndipo malipo yanafungwa. Hati ya malipo ya kipande namba 7 iwe na majibu ya maabara ya kipande namba 7, sahihi ya mtaalamu wa kamati kwamba alishuhudia sampuli, na stakabadhi za mizani za malori yake. Asilimia 10 ya kila malipo ishikiliwe; nusu itolewe kazi ikikamilika, nusu baada ya miezi 12 ikiwa mvua za mwaka mzima hazijafumua kitu. Sahihi ya kamati isiwe ya kuidhinisha ubora wa uhandisi, msibebe dhima isiyo yenu. Iwe ya kushuhudia tu: tulikuwepo, sampuli zilichukuliwa hivi.

Stakabadhi za mizani ziwe za pande mbili, lilikotoka lori na lilikofika. Kila jioni mjumbe mmoja azilinganishe. Malori 22 yaliyotoka na 19 yaliyofika maana yake tani 45 za udongo wenye risasi zimekwenda kujaza shimo la kiwanja cha mtu. Udongo wa kujazia una soko kila mahali, na dereva hajui alichobeba. Piga marufuku safari za usiku.

Huko unakopelekwa pia pana kipimo. Udongo hujaribiwa kama risasi itachujuka na maji. Kwa kipimo cha Marekani, ikizidi miligramu 5 kwa lita ya maji yaliyochujwa, huo ni taka hatari na hauingii dampo la kawaida kabla ya kutibiwa. Wengi huutibu kwa fosfati au saruji. Sikilizeni kwa makini mkiambiwa "umetibiwa". Tiba hiyo inaifunga risasi isitiririke na maji, haiiondoi. Udongo uliotibiwa kwa saruji ukaachwa wazi uani bado una risasi ileile kwa mtoto anayelamba vidole.

Vumbi, nyumba na damu

Kuchimba hurusha vumbi ambalo miaka yote lilikuwa limelala. Dai vipimo viwili vya vumbi vinavyoandika muda wote, kimoja upepo unakotoka, kingine unakoelekea, na vihamishwe upepo ukigeuka. Kanuni ya jimbo la New York ni rahisi kuiga: vumbi laini upande upepo unakoelekea likizidi la upande unakotoka kwa mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo katika wastani wa dakika 15, maji yamwagwe, likizidi kwa 150, kazi isimame. Wajumbe wawili wa kamati wazipate namba hizo kwenye simu zao wakati uleule na mkandarasi. Angalieni pia kipimo kimewekwa wapi, nyuma ya kontena kitasoma hewa safi siku nzima.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Majengo ya kiwanda yabomolewe kwanza, kiwanja kifuate, nyua za wakazi baadaye, na ndani ya nyumba mwisho. Kinyume chake ni kusafisha mara mbili. Kwa kuwa watoto hawawezi kusubiri foleni hiyo, mradi ugharimie hatua za muda tangu mwezi wa kwanza: kokoto au nyasi juu ya udongo ulio wazi, kudeki kwa maji badala ya kufagia kavu, viatu kubaki nje, mikono kunawa kabla ya kula. Usafi wa ndani ya nyumba uwe mstari unaojitegemea kwenye bajeti. Ua unaweza kusafishwa vizuri, huku vumbi la darini na kwenye magodoro likiendelea kumlisha mtoto.

Watoto walio chini ya miaka 6 wapimwe damu kabla ya kazi na baada yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Majina ya watoto yabaki hospitali. Kamati inahitaji idadi na mitaa tu.

Baada ya mkandarasi kuondoka

Mahali uchafu ulipofunikwa, kifuniko kinahitaji kukaguliwa kila mwaka, mifereji kuzibuliwa, na hati ya ardhi kuandikwa kizuizi cha kuchimba. Superfund hulazimisha tathmini kila miaka 5 pale uchafu unapobaki, na chini ya sheria hiyo jimbo huchangia asilimia 10 ya gharama ya kazi yenyewe, kisha hubebeshwa matunzo. Kwenu nani atabebeshwa? Kama matunzo yanagharimu 10,000 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote, na akiba inazaa asilimia 3 juu ya mfumuko wa bei, zinahitajika karibu 196,000 leo ili zitoshe miaka 30. Kwa kuwa risasi haiozi, hesabu ya milele ni karibu 333,000. Fedha hizo zitengwe kwenye mfuko wa udhamini kabla ya malipo ya mwisho ya mkandarasi, wakati kila mtu bado ana hamu ya kumaliza.

Wiki hii andikeni barua tatu. Ya kwanza kwa mfilisi, kuuliza tarehe ya mwisho ya madai na kama ana nia ya kuitelekeza ardhi. Ya pili kwa mamlaka, kuomba faili la kibali, hati ya dhamana na takwimu ghafi za vipimo vya awali, zikiwa na ramani ya kila nukta. Ya tatu, kuijibu mamlaka kwamba mmekubali mwaliko, pamoja na rasimu yenu ya hadidu za rejea. Ile ya mfilisi itangulie, maana tarehe yake inakwenda hata mkiwa bado mnachagua mwenyekiti.